Diski mliyotuuzia si ya ubora wa juu: tunadai fedha zetu, na tunadai lebo iondolewe

Lubumbashi, komini ya Kenya

Kwa Bwana Direkta wa kampuni ya usambazaji wa diski na vifaa vya video, Lubumbashi

Kuhusu: diski ya Blu-ray (aina ya diski yenye picha kali kuliko DVD) ya filamu The Dark Knight tuliyonunua kwenye butiki yenu ya mjini

Bwana Direkta,

Ninakuandikia kwa niaba ya vijana wanaojifunza kutengeneza filamu hapa komini ya Kenya, ambao mimi ndiye ninayewasimamia. Kasha la diski tuliyonunua kwenu limebandikwa lebo ya kampuni yenu inayosema ubora wa juu, mistari 1080. Kwa sababu ya lebo hiyo tulilipa dola 25, fedha ambazo vijana walichanga wenyewe. Kilichomo ndani ni picha ya DVD ya kawaida, iliyovutwa mpaka ikajaza kioo kikubwa. Tulipoirudisha, mfanyakazi wenu wa kaunta aliiweka kwenye televizheni ya butiki, akaitazama kidogo, kisha akatuambia: “Hii filamu yenyewe ni ya giza. Diski haina kasoro.” Alituambia mbele ya wateja wengine, na vijana wakatoka wakiwa wamenyamaza. Dola 25 ni nyingi kwetu, lakini jibu hilo limetuuma zaidi, na ndilo linalonifanya niandike kwa kirefu.

Hatukuichagua filamu hii kwa ajili ya ngumi na magari. Vijana wangu wanapiga picha zao usiku, kwa kuwa mchana wako shuleni au kazini. Umeme ukikatika mtaani, mwanga walio nao ni taa ya pikipiki inayopita, simu ya mtu, taa ya betri ya mama anayeuza samaki barabarani. Wanataka kujua namna ya kupiga giza bila kumpoteza mtu aliye ndani yake. Filamu ya Christopher Nolan ya mwaka 2008, iliyopigwa na Wally Pfister, ni shule ya jambo hilo. Shujaa wake, Batman, amevaa nguo nyeusi, amesimama usiku, nyuma yake ukuta mweusi, na bado unauona mstari wa bega lake, unauona mdomo, unajua anatazama wapi. Mitaa ya Chicago usiku inaonekana kama mahali ambapo watu wanaishi kweli. Nilitaka vijana walione hilo kwa macho yao, wasimamishe picha, waulize taa iliwekwa wapi.

Kuna sababu nyingine, na hii ndiyo iliyotufanya tutafute Blu-ray na si DVD. Sehemu kubwa ya filamu hiyo ilipigwa kwenye ukanda wa milimita 35, lakini dakika zipatazo 28 zilipigwa kwa kamera za IMAX, ambazo fremu yake ni kubwa mara nyingi kuliko ile ya kawaida. Wizi wa benki mwanzoni ni mojawapo ya sehemu hizo. Wakati huo hapakuwa na filamu kubwa ya kubuni iliyowahi kutumia kamera hizo kwa namna ile. Blu-ray iliyotolewa Desemba 2008 iliheshimu kazi hiyo: katika matukio ya kawaida unaona michirizi miwili myeusi, juu na chini, na picha inachukua mistari 800 tu kati ya 1080, likifika tukio la IMAX, michirizi inaondoka na picha inajaza kioo chote. Kwenye DVD michirizi haiondoki kamwe.

Kwenye diski yenu haiondoki. Wezi wanaingia benki, michirizi iko palepale. Ndege inaruka juu ya Hong Kong, michirizi iko palepale.

Ili msiseme televizheni yetu ndiyo mbovu, tuliazima diski halisi kwa mzee mmoja wa mtaa wa Golf aliyeinunua Ubelgiji. Tuliziweka zote mbili kwenye mashine ileile, kwa waya uleule, kioo kilekile. Picha ya diski ya mzee ilijaza kioo chote tangu tukio la kwanza, na vijana wakapiga kelele kwa furaha. Yenu haikujaza.

Tuliangalia pia muda. Filamu hii ina dakika 152. Diski ya mzee inaonyesha saa mbili na dakika 32, yenu saa mbili na dakika 26. Tulidhani mmekata matukio, tukaifuata yote, hakuna lililokatwa. Maelezo yako kwenye namna DVD za Ulaya na za kwetu zinavyotengenezwa. Filamu ya sinema inapigwa kwa fremu 24 kila sekunde, lakini DVD za mfumo wa PAL zinaiendesha kwa fremu 25, kwa hiyo kila kitu kinakimbia kidogo, na dakika 152 zinakuwa takriban 146. Blu-ray haina haja ya kufanya hivyo, inacheza fremu 24 kama ilivyo sinemani. Bwana Direkta, dakika hizo zinaonyesha wazi picha yenu ilitoka wapi. Mtu alichukua DVD ya PAL, akaikuza kwa kompyuta, akaichoma kwenye diski tupu ya Blu-ray. Mashine inapoulizwa inajibu “1080”, kwa kuwa chombo ni cha 1080. Picha ya DVD hiyo ina pikseli 720 kwa 576. Ile tuliyoilipia ina 1920 kwa 1080, yaani mara 5 zaidi. Kompyuta haiwezi kurudisha sehemu nne ambazo hazikuwemo tangu mwanzo.

Filamu ikikimbia, sauti nayo inapanda. Mmoja wa vijana wetu anapiga kinanda katika kwaya ya parokia, naye ndiye aliyeshika hili kabla yetu sote. Hans Zimmer na James Newton Howard walimpa Joker, adui wa Batman, muziki wa ajabu, noti moja ya chelo inayovutwa, inayokaza polepole mpaka inakukera. Kijana alikuwa na muziki wa filamu hiyo kwenye simu yake. Kwenye diski yenu noti ileile imekaa juu, karibu nusu toni. Hata Heath Ledger, aliyemwigiza Joker, hasikiki kama alivyo, sauti yake imekuwa nyembamba. Mtu huyu alifariki Januari 2008, filamu haijatoka, na mwaka uliofuata akapewa Oscar kwa kazi hiyo hiyo. Alichotuachia hapo ni sauti hiyo na uso huo. Mlikuwa na wajibu wa kutuuzia sauti yake mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye giza, kwa kuwa ndipo mfanyakazi wenu alipotuwekea kizuizi. Giza lililopigwa vizuri limejaa vitu. Ndani yake kuna kijivu cha aina nyingi, kuna unyevu wa lami, kuna chembechembe za ukanda wenyewe zinazotembea. Mashine inayobana video inatupa kwanza kile inachodhani jicho halitakiona, na katika giza inatupa vingi sana. DVD inaruhusiwa takriban megabiti 10 za data kwa sekunde, picha ya Blu-ray hadi 40, na hapo ndipo giza linapopata nafasi ya kupumua. Diski yenu ilibanwa mara ya kwanza ilipokuwa DVD, ikabanwa tena mlipoichoma. Matokeo yake, katika tukio la malori chini ya barabara kuu ya Chicago, kuta zimegeuka vibonge vya mraba vinavyorukaruka, na koti la shujaa ni doa moja jeusi lisilo na bega wala mkono. Kwenye diski ya mzee, tukio hilohilo, tuliona mikunjo ya nguo. Kwa hiyo si kweli kwamba filamu ni ya giza na basi. Giza la Pfister lilipimwa na kuwekewa taa. Giza la diski yenu limetokana na picha kupotea.

Kijana mmoja wa kike alikuwa amepiga mlima wa masalia ya shaba na bomba refu la moshi la kampuni ya madini ya Gécamines wakati wa jioni. Baada ya kutazama diski yenu aliniambia: “Papa, basi picha zangu si mbaya, hata Hollywood giza lao ni hivi.” Alikuwa amefarijika. Nililazimika kumweleza kwamba alichokiona si Hollywood. Mnisamehe nikisema hivi kwa uchungu, lakini mtu anayejifunza huamini anachoonyeshwa, na lebo yenu ilimwambia kwamba hicho ndicho kipimo cha juu kabisa.

Mengine nayapitia haraka. Kasha lilikuwa safi, fakture tulipewa bila shida. Sauti ni ya njia 2 wakati kasha limeandika 5.1, yaani njia 6. Manukuu ya Kifaransa yaliyoahidiwa hayamo, ingawa kwa hilo peke yake nisingeandika.

Sheria yetu ya mikataba, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inamwajibisha muuzaji kwa kasoro zilizofichika za kitu alichouza. Hakuna mteja anayeweza kuiona kasoro hii kabla ya kufungua kasha, na kwenu kasha halifunguliwi mpaka mtu alipe.

Tunaomba haya. Turudishiwe dola 25 taslimu au tupewe Blu-ray halisi ya filamu hiyo, ambayo tutaikagua hapo hapo kaunta kwa tukio la benki. Dakika za mwanzo zinatosha. Lebo ya “mistari 1080” iondolewe kwenye kila kasha ambalo ndani yake mna DVD iliyokuzwa, na bei yake ishuke iwe ya DVD. Kwenye rafu zenu niliona filamu nyingine nyingi zenye lebo hiyohiyo, mwandiko uleule. Na mfanyakazi wenu aelekezwe namna ya kuangalia muda na michirizi kabla ya kumjibu mteja. Simlaumu yeye, nadhani hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Nimeambatanisha nakala ya fakture na picha za kioo, diski yenu na diski ya mzee, tukio moja, mashine moja. Diski yenu bado tunayo, tutaileta siku mtakayotuita. Jumamosi mchana vijana wote wapo, nao wangependa kuja pamoja nami.

Pokea, Bwana Direkta, salamu zangu za heshima.

Msimamizi wa kikundi cha vijana wa filamu, komini ya Kenya, Lubumbashi