Nusu kaputi na kinga ya mwili: tuangalie kichupa

Mhariri,

Wapo wagonjwa hapa Dar es Salaam wanaoahirisha upasuaji wakiamini kwamba nusu kaputi huua kinga ya mwili. Hofu hiyo ina ukweli kidogo. Dawa za usingizi kama propofoli, thiopentali na ketamini hupunguza kwa muda uwezo wa seli nyeupe kupambana na vijidudu. Lakini kwa dozi moja athari hiyo ni ya kupita, na jeraha la upasuaji lenyewe hushusha kinga kuliko dawa.

Etomideti, dawa nyingine ya usingizi, inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa hata dozi moja huzuia tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, kutengeneza kotisoli, homoni inayousaidia mwili kuhimili jeraha na ugonjwa, kwa saa kadhaa. Mwaka 1983 madaktari wa Glasgow waliandika barua katika jarida la Lancet kueleza kwamba majeruhi waliolazwa usingizi kwa dripu ya dawa hiyo walikufa zaidi kuliko waliopewa dawa nyingine. Haitumiki tena kwa namna hiyo.

Kinachotusumbua sisi ni propofoli, ile nyeupe kama maziwa. Imechanganywa na mafuta ya soya asilimia 10 na lesithini ya kiini cha yai. Bakteria wakiingia humo wamepata chakula. Kati ya 1990 na 1993 hospitali kadhaa za Marekani zilipata milipuko ya maambukizi ya damu na vidonda, chanzo kikiwa uchafuzi wakati wa kuandaa dawa hii. Piga hesabu: mgonjwa wa kilo 60, kwa miligramu 2 kwa kilo, anahitaji miligramu 120, yaani mililita 12, kwa kuwa kila mililita ina miligramu 10. Kichupa ni cha mililita 20. Zile 8 zinazobaki ndizo kishawishi cha kumpa mgonjwa anayefuata, hasa siku ya wagonjwa wengi, na katika joto letu bakteria huzaana upesi. Zimwagwe, hata kama dawa ni ghali. Kizibo kifutwe kwa spiriti, bomba la sindano lijazwe dawa inapohitajika tu, na dripu yake pamoja na mpira visizidi saa 12.

Baridi nayo isisahaulike. Utafiti wa 1996 kwa wagonjwa 200 waliopasuliwa utumbo mpana ulikuta maambukizi ya kidonda kwa asilimia 19 ya waliopoa hadi nyuzi 34.7, dhidi ya asilimia 6 ya waliobaki na 36.6. Mwili ukipoa, mishipa ya ngozi husinyaa, oksijeni haifiki ya kutosha kwenye kidonda. Mgonjwa afunikwe, na dripu zipashwe moto.

Wanaoagiza dawa tunawaomba jambo moja: vichupa vya mililita 50 na 100 vipelekwe kwa wagonjwa mahututi, vyumba vya upasuaji vipewe vya 20.

Wataalamu wa usingizi,
Dar es Salaam