Barua ya wazi kwa shangazi yangu wa soko la samaki la Mwaloni, Mwanza, kuhusu yule mbwa wa chini ya meza yako

Shangazi, shikamoo.

Nimeletewa ulichosema kwenye kikao cha harusi: kwamba mtoto wa kaka yako amesoma, ana kazi, halafu Jumamosi anashinda na mbwa. Walioniletea maneno walikuwa wanacheka. Mimi sikucheka, maana najua ulisema kwa uchungu. Nakuandikia hadharani kwa kuwa hauko peke yako. Mabinti wa Pasiansi na Buhongwa ninaojitolea nao pale kituo cha kuokoa mbwa wana shangazi zao, na wote wanaulizwa swali hilo hilo.

Tuanze na unajisi, maana najua ndio unaokukera zaidi. Nguo za kule hubaki kule. Nina ovaroli na mabuti ambayo hayajawahi kuvuka kizingiti chako, na mate ya mbwa yakinigusa naosha mara saba, moja kwa udongo, kama ulivyotufundisha. Ile hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani kumtekea maji mbwa mwenye kiu sikukumbushi. Kwako ndiko nilikoisikia kwanza, usiku wa Ramadhani, umeme umekatika.

Kazi yenyewe, usiifikirie ya kuchezacheza. Sehemu kubwa ni fagio, koleo na ndoo. Unazoa kinyesi, unamwaga maji ya jana, unasugua bakuli, unatoa kupe masikioni. Kisha unapika. Dona kwenye sufuria kubwa, na dagaa ambao lazima waloweshwe kwanza ili mchanga utuame chini (wauzaji wengine, sisemi nani, huanika bila turubai). Tukipata mapanki ya sangara, yaani mifupa inayobaki minofu ikishatolewa, tunayachemsha, tunachambua nyama kwa vidole na kutupa miba yote. Kitunguu hakiingii kabisa. Kinamharibia mbwa chembe za damu, na mtu mpya lazima aambiwe, kwa sababu mkono wa Mtanzania jikoni huenda kwenye kitunguu wenyewe.

Nataka nikusimulie habari za Karabai. Tulimwita hivyo kwa macho yake ya njano. Aliokotwa mwalo mmoja upande wa Igombe, ndoano ya sangara imemtoboa mdomo. Alikuwa amekula chambo kilichotupwa. Daktari wa mifugo alimchoma sindano ya usingizi, akaisukuma ndoano mbele mpaka ncha ikatokeza, akakikata kile kikulabu cha nchani, ndipo akaivuta nyuma. Ukiivuta kabla ya hapo unachana nyama. Kidonda kilifunga upesi. Hofu ndiyo iliyobaki. Mtu akisogea bandani, Karabai alijibana pembeni mpaka nilidhani ataingia ukutani.

Nikaambiwa: ingia, kaa chini, mpe mgongo, usimsemeshe. Basi Jumamosi zangu zikawa hizo, nimekaa sakafuni nasahihisha madaftari ya wanafunzi huku nyuma yangu mbwa anatetemeka. Unajifunza mengi ukiwa hufanyi kitu. Mbwa anayepiga miayo wakati hana usingizi ana wasiwasi. Anayejilamba pua na chakula hakipo, vivyo hivyo. Akigeuza kichwa pembeni huku weupe wa jicho unaonekana, anakuomba umwachie nafasi, na mkono unaoshuka kutoka juu ya kichwa chake yeye anauona kama fimbo. Watu husema mbwa kang'ata ghafla. Mimi siamini sana neno hilo siku hizi. Mara nyingi mbwa alishasema, tena zaidi ya mara moja, ila aliyeambiwa alikuwa haangalii. Karabai alipokuja kunusa kiwiko changu sikugeuka. Niliendelea kusahihisha, na nadhani mtoto mmoja alipata alama asizostahili.

Sasa jambo lenyewe, Shangazi.

Unakijua kichaa cha mbwa, lakini wengi pale sokoni wanakijua nusu. Virusi vyake hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu, kutoka kwenye kidonda hadi ubongo. Ndiyo maana mtu anang'atwa leo, anakuwa mzima miezi miwili au mitatu, kisha anaanza kuogopa maji. Dalili zikishaanza, kupona ni kama hakupo. Ila kabla ya hapo nafasi ipo: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, usipake mafuta ya taa wala majani, nenda hospitali siku hiyo hiyo ukachomwe chanjo. Zile sindano nyingi za tumboni walizotutishia tukiwa wadogo hazipo tena, siku hizi zinachomwa mkononi. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Nikisoma hapo nawaza wajukuu zako wanavyokimbizana kati ya meza.

Najua wapo wanaosema dawa ni kuwaua wote. Kwanza, wakiuawa wanakufa na waliochanjwa, halafu eneo likibaki wazi wanaingia wengine kutoka mitaa ya jirani, hawana chanjo hata mmoja. Ugonjwa hukatika pale mbwa 7 kati ya 10 wanapokuwa wamechanjwa, kwa sababu virusi vinakosa wa kumrukia. Hapo jirani yetu, hifadhi ya Serengeti, ugonjwa mwingine wa mbwa uliwahi kuua karibu theluthi moja ya simba, mwaka 1994. Simba, Shangazi! Inaaminika ulitoka kwa mbwa wa vijijini ambao hawakuchanjwa.

Sasa yule jike wa rangi ya udongo anayelala chini ya meza yako. Najua unamtupia vichwa vya samaki ukidhani hakuna anayekuona. Ana mimba au karibu atapata. Mbwa hubeba mimba kama miezi miwili tu na anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Naomba ruhusa yako tumchukue, achanjwe, afungwe kizazi, kidonda kikipona tumrudishe hapo hapo. Anawafahamu watu wa pale, na akiwepo yeye mbwa wageni hawasogei ovyo.

Nitakuja Jumamosi na daktari, mapema, kabla malori ya dagaa hayajaanza kupakia na vurugu kuanza. Wewe hutamgusa. Naomba mambo matatu tu: asipewe chakula kuanzia Ijumaa usiku kwa sababu ya dawa ya usingizi, wale vijana wa mikokoteni wasimrushie mawe asubuhi hiyo, na mama wa meza ya pili amfunge mbwa wake kwa kamba laini, si waya, naye achanjwe. Chanjo itakuwa kwenye boksi la barafu na tutakuwa na za ziada, kwa hiyo mwenye mbwa mwingine aje naye. Tukimaliza nitaenda kuoga kwanza, ndipo nije kwako kula.