Katambuga si kinga ya umeme

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi gazetini tuwatahadharishe mafundi umeme wa Moshi na Arusha, hasa wale wanaofungua DB (sanduku la kugawia umeme) wakiwa na katambuga, yaani ndala za tairi, miguuni au wamesimama juu ya kipande cha tairi, kwa imani kwamba mpira haupitishi umeme.

Mpira mtupu kweli haupitishi. Tairi si mpira mtupu. Sehemu inayokanyaga barabara huwa na masizi ya kaboni, kwa kawaida kama sehemu 50 kwa uzito kwa kila sehemu 100 za mpira, ili isilike upesi. Chembe za masizi zikiwa chache, kila moja imezingirwa na mpira na umeme hauna pa kupita. Zikiongezwa, hufika kiwango ambacho zinakaribiana mno hata elektroni zikaruka kutoka moja hadi nyingine. Hapo ukinzani, yaani uwezo wa mpira kuzuia umeme, haushuki kidogo kidogo, unaporomoka mara mamilioni. Watengenezaji wanalijua hilo: miaka ya 1990, silika, unga mweupe usiopitisha umeme, ilipochukua nafasi ya masizi, chaji ilibaki kwenye gari, ikabidi tairi lipenyezwe ukanda mwembamba wa mpira wenye masizi ili ishuke ardhini.

Kinachotutia wasiwasi zaidi ni nanotyubu za kaboni zinapochanganywa kwenye mpira. Ni mirija myembamba kuliko unywele mara maelfu, na urefu wake ni mara mamia ya unene. Kwa urefu huo hukutana upesi: mara nyingi sehemu 1 hadi 5 kwa 100 zinatosha, na mpira unabaki laini vilevile. Kwa kuukunja au kuutazama hutaujua. Zisipotawanywa vizuri kwenye roli za kuchanganyia mpira hubaki mabonge, kipande kimoja kikapitisha hapa na kukataa pale. Zikisagwa kupita kiasi hukatika, na umbo lile refu linapotea. Mpira ukivutwa, miunganiko huachana na ukinzani hupanda. Ukiachiwa, haurudi sawasawa ulipokuwa. Kwa kihisi cha kupima mvutano hiyo ni sifa nzuri sana. Kwa soli, hapana.

Kugusisha ncha mbili za mita ya kawaida hakutoshi. Ncha hazishiki vizuri, tena mita hutumia volti chache, wakati ukinzani wa mpira wa aina hii unaweza kushuka volti zinapopanda. Tumia mega (kipimo cha ukinzani mkubwa) ya volti 500. Weka kipande katikati ya bati mbili za sentimita 10 kwa 10, kila bati na kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, maji yasivuke kingo. Kandamiza kwa uzito, subiri dakika moja, soma. Rudia sehemu kadhaa. Kwa volti 230, ohm 230,000 hupitisha miliampia 1, ambayo unaweza kuisikia. Ohm 23,000 hupitisha miliampia 10, misuli ikaweza kukaza ukashindwa kuachia.

Hata ikisoma vizuri, katambuga haifai. Igeuze uone misumari inayoshika mikanda: mingine imepenya soli hadi karibu na nyayo. Matairi mengi ya radiali pia yana nyaya za chuma ndani.

Mkeka wa kusimamia mbele ya DB uwe wa kiwango cha kimataifa cha IEC 61111. Daraja 0 ni kwa hadi volti 1,000. Glavu ziwe za IEC 60903. Vyote hugongwa alama ya pembetatu mbili. Kabla ya kuvaa, ijaze glavu hewa na uiminye: ikivuja, itupe.

Kwa wanaonunua buti za mtumba pale Memorial, soma lebo ya ndani kabla ya bei. Herufi A, kwa kiwango cha EN ISO 20345, ni buti ya kuondoa chaji tuli: ukinzani wake umewekwa makusudi kati ya ohm 100,000 na ohm milioni 1,000. Inamfaa mtu wa ghala la mafuta. Buti yenye alama ya ESD nayo ni ya kazi hiyo hiyo, kwa watengenezaji wa vifaa vya elektroniki. Hakuna kati ya hizo iliyotengenezwa kwa ajili ya kushika waya wenye moto.

Mafundi wa maabara,
Moshi