Picha ya mtandaoni nayo ina mwenyewe

Mhariri,

Mwezi uliopita rafiki yangu alinitumia kiungo cha tovuti ya kampuni moja ya utalii. Juu kabisa ya ukurasa wa kwanza nikakutana na picha yangu: jahazi linaingia Mto Pangani alfajiri, na ng'ambo ya Bweni ukungu haujaondoka. Ile picha niliidamkia siku tatu mfululizo. Jina langu nililokuwa nimeliandika pembeni walilikata, na chini wakaweka "Picha: Mtandao". Mtandao haujawahi kushika kamera.

Nilipowapigia simu, kijana aliyepokea wala hakuwa na kiburi. "Kaka, si uliiweka Facebook mwenyewe? Na sisi tumesema tulikoitoa." Jibu hilo nimeshalisikia kwa watengeneza tovuti, kwa wachapaji wa kalenda, hata kwa walimu wanaoandaa vitini.

Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki yake tangu kazi inapotungwa. Haidai kwanza usajili, wala ile alama ya herufi C ndani ya duara. COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, husajili kazi, na cheti chao kinafaa sana mkianza kubishana, ila haki ilikuwapo kabla ya cheti. Nikifa leo, watakaoombwa ruhusa ni wanangu, kwa miaka 50.

Kuhusu Facebook: nilipoiweka picha kule niliwaruhusu wenye Facebook waionyeshe kwa masharti yao. Kila apitaye sikumruhusu aichukue akafanyie biashara. Na kutajwa jina ni haki moja, kuombwa ruhusa ni nyingine. Hata jina langu wangeliandika kubwa kama bango la barabarani, bado walipaswa kuniuliza kabla ya kuifanya picha yangu chambo cha kuuzia safari.

Wapiga picha nasi tuna makosa yetu. Mwenzangu mmoja alitaka kumshitaki kijana aliyepiga jahazi lile lile mahali pale pale. Kwa lipi? Jahazi si letu, na alfajiri haina hatimiliki. Sheria hailindi wazo, inalinda kazi iliyotoka mkononi mwa mtu. Kijana yule alidamka mwenyewe, picha ni yake. Vivyo hivyo, sheria za nchi na hukumu za mahakama hazina hakimiliki, kwa hiyo sheria hii ninayoitaja unaweza kuinakili yote na kuibandika ukutani. Mwanafunzi anayenukuu aya moja kwenye tasnifu na kumtaja mwandishi naye asitishwe na mtu.

Kampuni ile imeiondoa picha. Ya malipo bado tunazungumza, na faili halisi ninalo kwenye kamera, la kwao lina jina lililokatwa.

Ila nina swali na kwako, Mhariri. Jumamosi iliyopita ukurasa wako wa michezo ulikuwa na picha mbili, na chini ya zote mbili mmeandika "Picha: Mtandao". Wenyewe ni akina nani, na mliwauliza?

Mpiga picha,
Pangani, Tanga