Kibanda cha rangi nyumbani: pima mdomo kabla ya kununua feni

Mhariri,

Wengi wanaotaka kupiga sprei nyumbani, iwe gitaa, fremu ya baiskeli au stuli, huanza kwa kuuliza bei ya feni. Waanze na futi ya kupimia. Kibanda ni sanduku lenye feni inayovuta ukungu wa rangi kwenda nje, na mdomo wake ni upande wa mbele ulio wazi. Ukubwa wa mdomo huo ndio unaoamua hewa itakayohitajika, na hapo ndipo vibanda vingi hapa Kisumu huharibikia.

Chukua kibanda chenye mdomo wa sentimita 60 kwa 50. Huo ni mita za mraba 0.3. Ili ukungu wa rangi usikurudie usoni, hewa iingie kwa mwendo wa karibu nusu mita kwa sekunde. Ukizidisha unapata mita za ujazo 0.15 kila sekunde, yaani 540 kwa saa. Ile feni ndogo ya bafuni ya inchi nne huvuta takriban 100 tu. Tena namba iliyoandikwa kwenye boksi hupimwa feni ikiwa tupu, bila chujio wala bomba. Ukishavifunga, hata nusu inaweza kupotea, kwa hiyo tafuta feni ya 1,000 hivi. Bomba liwe na kipenyo cha sentimita 15, liwe fupi na laini ndani. Kila kona ya mraba huiba nguvu sawa na mita kadhaa za bomba lililonyooka, na bomba la mikunjo huiba zaidi.

Jenga kwa mabati laini. Katoni hunywa rangi na thina, na siku moja cheche ikidondoka inawaka yote. Chujio lifunike ukuta wote wa nyuma, na nyuma yake uache nafasi tupu ya sentimita 15 kabla ya feni. Watu hubana chujio kwenye feni ili kuokoa nafasi, kisha wanashangaa kwa nini pembe za kibanda zimejaa ukungu: feni inavuta katikati tu.

Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa. Hauendi darini, hutambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango hadi kwenye jiko la makaa la chumba cha pili. Gesi inayosukuma rangi katika makopo ya sprei nayo huwaka na hutambaa vivyo hivyo. Ndiyo maana feni ya meza iliyogeuzwa kinyume haifai: mota yake inakaa katikati ya mvuke. Nunua feni ya umbo la konokono ambayo mota yake iko nje ya mkondo wa hewa. Swichi na soketi zikae nje ya kibanda, taa iwe nyuma ya kioo kilichozibwa kwa silikoni, na mabati yafungwe waya wa athi, unaopeleka umeme ardhini. Bomba litokee juu ya paa, mbali na dirisha na jiko la jirani.

Hewa inayotoka lazima ipate ya kuingia badala yake. Mlango na madirisha yakifungwa, feni hunguruma bila kazi. Acha uwazi mkubwa mara mbili ya mdomo wa kibanda, uufunge wavu mwembamba, kwa sababu wadudu wa ziwani hufuata taa jioni na hunasa kwenye rangi mbichi kwa mamia. Ni heri kumaliza kazi kabla jua halijazama.

Unyevu wa ziwa nao una madhara yake. Laka ya thina ikipigwa jioni ya mvua hugeuka nyeupe kama imepakwa maziwa. Thina huruka haraka, uso wa mbao unapoa, na maji ya hewani yanageuka matone juu yake. Piga kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, au tumia thina inayokauka polepole. Feni kubwa haiondoi tatizo hili, kwa kuwa hewa inayoingia ni ileile yenye unyevu.

Kabla ya kufungua kopo lolote, washa udi, ushike kwenye mdomo wa kibanda: katikati, kisha kila pembe. Moshi uingie ndani bila kusita. Ukizunguka au kurudi nje, kibanda hakijakamilika. Zima udi, utoe nje kabisa, ndipo thina iingie chumbani.

Chujio likijaa, libadilishe, ulitumbukize kwenye ndoo ya bati yenye maji na kuiweka nje. Mabaki ya laka ya thina yakichanganyika na ya rangi ya mafuta huweza kupata joto na kuwaka yenyewe, hata usiku mmekwisha lala.

Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke. Vaa ya mpira yenye vichujio vya mkaa na vya vumbi. Lakini rangi ya magari inayochanganywa na hadina, dawa ya kuigandisha, ina isosayaneti, kemikali ambayo hudhuru mapafu na kuleta pumu bila kutoa harufu ya kukuonya kwamba kichujio kimechoka. Hiyo hupigwa na mtu anayevuta hewa safi kwa mpira kutoka nje. Kibanda cha nyumbani hakiitoshi, na tunawasihi wenye hadiwea wamwambie hivyo mnunuzi kabla hajalipa.

Mafundi wa rangi,
Kisumu