Mgeni wa Mwaka Kogwa asiondoke na njaa

Mhariri,

Kila Julai wageni humiminika Makunduchi, kusini mwa Unguja, kutazama Mwaka Kogwa, sherehe yetu ya jadi ya kukaribisha mwaka mpya. Hupiga picha wanaume wakitwangana kwa migomba na kibanda cha makuti kikiteketea, kisha hao, wanapanda magari kurudi mjini. Kwangu mimi, wameondoka shughuli ikiwa nusu.

Mwaka wenyewe uko majumbani. Wenyeji tunaamini nyumba isiyopata mgeni siku hiyo haina heri, ndiyo maana shangazi yangu hupika kama ana harusi. Pweza hupigwapigwa chini mpaka alainike, huchemka kwa maji yake mwenyewe, na tui zito huingia mwisho, moto ukiwa mdogo, lisije likakatika. Ukikoroga ovyo utafukuzwa jikoni, hata uwe na ndevu. Mkate wa kumimina huwa umeshaiva tangu asubuhi.

Mwaka jana nilikutana na kijana wa kutembeza watalii akiwagawia wageni wake chipsi kwenye vikasha, hatua chache tu kutoka kwenye sinia la wali wa nazi lililokosa mlaji. Nilipomuuliza, akasema ratiba haina nafasi ya chakula.

Ninaomba wanaopanga safari hizi waongeze saa moja tu na wapige hodi. Hakuna atakayewadai kiingilio. Ila wavue viatu mlangoni, na wasimwambie shangazi kwamba wameshiba.

Mkaazi wa Makunduchi,
Unguja