Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Gawio Letu na Hesabu Iliyotugombanisha

Ndugu wanachama,

Ada zimelipwa vizuri kuliko mwaka jana, misiba mitatu tumeichangia, na daftari la mapato na matumizi liko kwa Katibu kwa yeyote anayetaka kulipekua. Hayo sitayarefusha. Nataka tuongee habari ya hisa, maana ndizo zilizotugombanisha pale Mwaloni Kirumba, soko letu la dagaa hapa Mwanza, hadi wanunuzi wa dagaa wakaacha mizani wakaja kusikiliza.

Ugomvi wenyewe ulikuwa huu. Hisa zetu 10,000 za benki tulizinunua kwa shilingi 400 kila moja, na mwaka huu benki imetoa gawio, yaani sehemu ya faida inayogawiwa wenye hisa, la shilingi 40 kwa hisa. Mweka Hazina akatangaza kwamba tumevuna asilimia 10. Mama mmoja wa kwenye vichanja akaomba kalamu, akapiga hesabu ubavuni mwa boksi, akasema hapana, ni asilimia 5. Wote wawili walikuwa sahihi. Mimi nilinyamaza kwa sababu siku ile sikujua kwa nini.

Ukitaka mavuno ya gawio, unachukua gawio la mwaka la hisa moja, unaligawa kwa bei ya hisa hiyo sokoni leo, kisha unazidisha kwa 100. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam hisa hiyo sasa inauzwa 800, na 40 kwa 800 ni asilimia 5. Mweka Hazina aligawa kwa bei ya kununulia. Hesabu yake inatusifu kwa uamuzi wa zamani. Ya mama inatuuliza swali la leo: hizi milioni 8 zilizolala humo zinaleta 400,000 kwa mwaka, je, hakuna pengine pa kuziweka? Gunia ulilonunua wakati wa giza, dagaa wakiwa tele, huliuzi kwa bei ileile mbalamwezi ikishatoka na mzigo kuadimika.

Na kwenye akaunti hazikuingia 400,000. Zimeingia 380,000, kwa kuwa gawio la kampuni iliyoorodheshwa sokoni hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Kampuni isiyoorodheshwa hukatwa 10. Msimshuku Mweka Hazina.

Sasa kosa langu. Mwaka jana niliwashawishi tununue hisa 4,000 za kampuni ya pili kwa 250 kila moja. Gawio lake la mwisho lilikuwa 35, yaani asilimia 14, nami nikaona tumeokota. Sikujiuliza asilimia hiyo imepandaje. Gawio halikuwa limeongezeka hata senti. Bei ndiyo iliyoporomoka kutoka 500, na ilipokuwa 500 mavuno yalikuwa asilimia 7 tu. Waliouza walikuwa wameona nisichokiona: kwenye hesabu za kampuni, faida kwa kila hisa ilikuwa shilingi 20. Kampuni inapata 20 halafu inagawa 35! Hizo 15 zilitoka akibani. Benki yetu, kwa kulinganisha, ilipata 100 ikagawa 40. Kitabu cha hesabu nilikuwa nacho mezani, nikasoma picha za wakurugenzi.

Mwaka huu kampuni hiyo imetoa 10. Tumepata 38,000 baada ya kodi, na hisa tulizozilipia milioni moja leo zina thamani ya 720,000. Ukigawa 10 kwa bei ya sasa ya 180 unapata asilimia 5.6, inayoonekana nzuri kuliko ya benki. Kuna mwanachama ameshanipigia simu kwamba tuongeze nyingine. Nimemwomba asubiri mkutano.

Tutakaa Jumamosi saa nane mchana, mzigo ukishapakiwa. Ajenda ni moja: tuziuze zile 4,000 au tuzibakize. Kamati inapendekeza tuziuze. Mimi, kwa kuwa ndiye niliyewaingiza, sitapiga kura.